Kifaru Iko na Pembe

Sipendi mtu aniulize kama Kiswahili chetu ni Kiswahili. Eddy aliniuliza hivyo asubuhi ile, mlangoni mwa ukumbi wa parokia pale Baraka, huku akinikabidhi beji yenye jina la mtu mwingine. Mkalimani wa mradi mmoja wa Kinshasa alikuwa ameshikwa na malaria, na mimi, Solange, mwalimu wa Kifaransa, nikaitwa mbio kuziba pengo. Eddy ndiye aliyesimamia mradi huo katika eneo letu la Fizi, mashariki mwa Kongo. Alisomea Dar es Salaam, na tangu arudi hasemi "iko" hata umkanyage kidole.

"Mwalimu," aliniambia, "leo tutumie Kiswahili sanifu, tafadhali. Tuna wageni."

"Wageni wenyewe wanasema Kifaransa," nikamjibu. "Watajuaje tofauti?"

Hakucheka. Alinielekeza kwenye kiti kilichokuwa chini ya kitambaa kikubwa kilichotundikwa ukutani, nami nikainua macho nisome: MASHAURIANO NA JAMII KUHUSU BIASHARA HALALI YA PEMBE ZA VIFARU. Nikasoma tena polepole, nikidhani nimekosea. Fizi hii ninayoijua mimi ina sokwe huko misituni, ina nyani wa kutosha kumaliza mahindi ya kila mtu, na tembo babu zetu waliwajua. Kifaru hayupo. Nikageuka nimuulize Eddy nani aliyewadanganya, na hapo ndipo nilipomwona mama yangu.

Alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa, amevaa kitenge chake cha Krismasi. Mama Godelieve hatoki Lubondja kuja Baraka bila kunitumia salamu kwanza ili nimpikie. Leo alikuja kimya, akakaa na wenzake wa Lubondja, Nundu na Kilembwe, na alipoona nimemwona akatazama pembeni. Nilijua kifaru gani kimemleta.

Kwetu neno hilo lina kazi moja tu. Tulirudi nalo kutoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, ambako redio za Tanzania zilitutangazia vita vya dunia nzima na vifaru vyake. Tuliporudi nyumbani tukakuta vita navyo vinatungoja, na jina tulikuwa nalo tayari: lile gari la chuma lenye minyororo ni kifaru, na ule mzinga mrefu unaotokeza mbele watu wakauita pembe. Kimoja kimo katika shamba la mama. Kilifika wakati wa mapigano, kikazimika katikati ya muhogo, na waliokuwamo ndani wakashuka wakaenda zao kwa miguu. Kila upande unasema ni cha upande mwingine. Askari waliopita baadaye walizungusha kamba nyekundu, wakasema mtu asikaribie, huenda ndani kuna mabomu. Kamba ilioza zamani, katazo likabaki.

Hilo ndilo shamba pekee la mama lililo tambarare na karibu na maji. Baba alipewa na ukoo kabla hajafa, na kwa desturi ya kwetu shamba lisiloguswa na jembe hurudi kwa chifu, naye humpa mwingine mwenye mikono. Msimu wa kwanza chifu alifumba macho. Wa pili akakohoa. Kwa mvua hizi zinazokuja alishamwambia mama, kwa adabu zote, kwamba asipolima atampa mtu. Mama ameshazunguka kwenye kila biro, kila ofisi yenye bendera, kutoka Lubondja mpaka Fizi mpaka huku Baraka, na kila biro ilimjibu kwamba hiyo si kazi yake.

Basi miezi michache nyuma vijana wa Eddy walipita vijijini na maswali yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha kupigwa pasi. Je, vifaru wapo katika eneo lenu? Wapo. Je, huharibu mazao? Wacha we! Na kwa kuwa lugha ni mkorofi, hakuna aliyegundua kitu. Watu wa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wangejua mara moja, maana wao mnyama huwa *amekanyaga* muhogo na chuma huwa *kimekanyaga* muhogo. Sisi kila kitu ni *iko*. Mtoto iko, mbuzi iko, Mungu iko, kifaru iko. Eddy na usanifu wake wote alisikia "kifaru iko, inaharibu shamba," akasahihisha sarufi tu, akapeleka Kinshasa habari kwamba Fizi ina faru wanaokula muhogo.

Nilisimama nimwite. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Lakini mgeni mkuu alikuwa ameshaanza kuzungumza na Eddy akanionyesha kidole nikae.

Mgeni huyo aliitwa Bwana Lionel, mtu wa makamo, ndevu zimeingia mvi, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuongea porini. Alitaka kutuonyesha picha, jenereta ikazimika kabla picha ya kwanza haijatokea. Akacheka, akasema tutaendelea kwa maneno. Nami nikacheka, lakini kwa uchungu. Picha moja tu ingeniondolea mzigo wote.

"Faru," alianza kwa Kifaransa, "ni kiumbe aliyebaki mmojammoja katika dunia hii."

Nikatafsiri: "Kifaru, mnyama wa porini, mwenye ngozi nene na pembe puani, amebaki mmojammoja." Nilikaza kila neno. Mnyama. Porini. Puani.

"Ngozi yake nene kweli!" akasema mama mmoja nyuma. "Hata lisasi haiingie!"

Ukumbi ukaguna kukubali. Lionel akaniuliza wamesema nini, nikamwambia, naye akafurahi kwamba watu wa hapa wanamjua mnyama vizuri.

"Hapana, Bwana Lionel," nikasema kwa Kifaransa, "ngoja nikueleze, hawa watu..."

"Mwalimu," Eddy akanikata, "tafsiri. Usihubiri."

Nimefundisha darasa la watoto sitini na sijawahi kunyamazishwa hivyo. Nikaendelea kutafsiri kwa meno yaliyobanana.

Lionel alieleza jambo lake vizuri, sitamnyima haki. Alisema kwamba nchi nyingi zimekataza kuuza pembe ya faru, na bado faru wanauawa, kwa sababu huko mbali wapo watu wanaoitaka kwa dawa na kwa majivuno. Sasa wapo wanaosema: tuiruhusu biashara, lakini kwa sheria kali. Mnyama hauawi. Analazwa kwa sindano, pembe inakatwa bila damu, kama unavyokata kucha, na baada ya muda inaota tena. Kila pembe inapigwa alama, inauzwa kwa njia inayojulikana, na faida inarudi kwa walinzi na kwa vijiji vinavyovumilia wanyama.

"Inaota tena?" aliuliza mtu mmoja kwa mshtuko. Huyo alikuwa Papa Bonaventure wa Kilembwe, mchuuzi wa mitraille, yaani vyuma chakavu, ambaye kila akipita Lubondja hukizunguka kile kifaru cha mama kwa mbali, akimeza mate. "Pembe ya kifaru ukiikata inaota tena?"

"Inaota," nikasema, kwa kuwa ndivyo Lionel alivyosema.

"Yesu wangu," akasema Bonaventure, akakaa chini. Baada ya kufikiri kidogo akasimama tena.

"Mi ninauzishaka mitraille," alisema. "Balisema kuuzisha waya mubovu ni halali. Muzuri. Tukauzisha. Kisha, juu ya ile halali, batu bakapanda ku mati ya courant, ile miti ya umeme, bakakata waya muzima. Ku soko, waya ni waya. Nani atajua hii ilitoka ku mubovu ao ku muzima? Mukifungua soko ya pembe, itakuwa vile vile. Ile ya kuiba itapita mu mulango moja na ile ya halali."

Nilipomtafsiria Lionel maneno hayo, aliweka kalamu chini. Alisema amekaa katika mikutano ya namna hii katika miji mikubwa, na hakuna aliyemwekea hoja wazi hivyo. Akajibu kwa heshima, akimtazama Bonaventure: ndiyo, hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana wenzake wengi wanapinga. Lakini yeye alikulia kaskazini, kando ya mbuga iliyokuwa na faru wa mwisho wa nchi hii, na baba yake alikuwa mlinzi pale.

"Tulikataza," alisema. "Tukakataza, tukakataza, na wakaisha huku tunakataza."

Nilitafsiri hilo. Watu wa kwetu wanajua vitu vinavyokwisha huku vimekatazwa.

Kisha akaeleza masharti. Faru anayeharibu mashamba atahamishwa kwa gari na kwa gharama ya mradi. Faru akifa, kwa sababu yoyote, pembe yake ni mali ya serikali. Watakuja kuichukua, na atakayeificha atahesabiwa jangili. Nilipotaja neno *kuhamishwa*, mama yangu alisimama.

"Jambo yenu," alisema. "Mi ninaitwa Godelieve, natoka Lubondja. Kifaru iko mu shamba yangu. Iko na pembe moja. Haiende, hairudi. Inanikalia ku shamba, na mvua inakuya. Mi sitake pembe. Mukate, mubebe, muuzishe, mi sitake hata kipande. Mi ninataka ihame."

Akakaa. Macho yote yakanigeukia mimi mkalimani. Na Kifaransa nacho hakikunisaidia: *il* ni *il*, awe mnyama, kiwe chuma. Nilitafsiri neno kwa neno, ila "kifaru" nikaliacha kama alivyolitamka, sikuongeza wala kupunguza, na niliona uso wa Lionel unavyobadilika. Alionekana kama kijana tena.

"Mmoja?" aliniuliza, karibu kwa kunong'ona. "Yuko peke yake? Muulize amemwona lini mara ya mwisho."

"Jana asubuhi," alijibu mama. "Nilikuwa napita kuchota maji."

Lionel akasema tupumzike kidogo. Nadhani alihitaji kupumua.

Nilimkamata mama mkono, nikampeleka nyuma ya ukumbi, penye kreti za Fanta.

"Mama, bale bantu banazungumuzia munyama. Munyama ya pori."

"Ninajua."

"Unajua?"

"We unafikiri mi niko mujinga?" Alifungua Fanta yake kwa meno, jambo ninalomkataza kila siku. "Ku Nyarugusu, noti ya Tanzania ya elfu tano ilikuwa na picha ya nini? Haikuwa kifaru? Na pembe ku pua? Ile salle yote, ukumbi muzima, ni batu ba Nyarugusu, Solange. Bote banajua."

Hata mimi noti hiyo naijua. Nilikuwa nimekasirika asubuhi nzima kwa ajili ya watu wangu waliodanganyika, kumbe waliokuwa hawajui kinachoendelea mle ndani ni mimi, Eddy na mgeni wetu.

"Sasa juu ya nini munadanganya batu ba mbali?"

"Nani amedanganya? Baliuliza: kifaru iko? Iko. Inaharibu? Inaharibu. Iko na pembe? Iko. Uongo iko wapi?" Akanywa. "Ku biro ya kwanza nilisema *char*, ya Kifaransa, banituma kwa basoda, kwa askari. Basoda bakasema haiko yabo. Ku biro ingine nikasema *tanki*, baniuliza kama ni tanki ya maji. Nimesema *kifaru* mara moja tu, ona: bamekuya na jeep, na mashine ya picha, na Fanta ya baridi. Umesikia ile muzee? Atahamisha. We tafsiri, mutoto yangu. Usiniharibie."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpigia kelele. Nilikuwa na hasira na Eddy kwa kiburi chake, na biro zote zile, na mama kwa kuwa na akili kuliko busara. Zaidi ya yote nilimwonea huruma yule mzee wa kaskazini, na huruma hiyo ndiyo iliyonitia wazimu. Nikarudi ndani nikamfuata mezani, nikamwambia ukweli kwa Kifaransa kinyoofu kabisa.

"Bwana Lionel, kifaru cha mama yangu ni cha vita. Ni chuma kitupu."

Akatabasamu. "Kila mtu husema hivyo mara ya kwanza. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto nilimwambia baba: hiki ni kifaru cha vita kilichovaa ngozi."

"Si mfano, Bwana. Kina minyororo."

Tabasamu likafutika. "Minyororo? Wamemfunga?" Akageuka kwa Eddy. "Mmesikia? Wamemfunga minyororo! Tunakwenda Lubondja kesho asubuhi."

"Hakuna aliyemfunga! Minyororo ni miguu yake!"

"Mwalimu amechoka," Eddy akasema, akinishika bega. "Tangu asubuhi anatafsiri bila kunywa maji."

Kama ningekuwa na kitu kizito mkononi ningemtupia. Nilikuwa na chupa ya Fanta ya mama, tupu, na nilifikiria.

Kesho yake tulienda kwa jeep mbili. Njia ya Lubondja ilikuwa inateleza. Lionel alikuwa na darubini shingoni na kisanduku cha dawa magotini, akikishika kwa mikono miwili kila tulipoingia shimoni. Mama alikaa nyuma, ametulia, anachambua sombe, yale majani ya muhogo, kwenye sufuria aliyoazima. Nilimwambia Lionel tena nyumba zilipoanza kuonekana. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba anaelewa jamii huogopa kumwonyesha mgeni mnyama wake.

Tuliposhuka, mama alitangulia. Tukapita kisima, tukapita migomba, na pale majani marefu yalipoanza akasimama kwenye mpaka, kama anavyosimama siku zote, akanyoosha mkono.

"Iko pale," alisema.

Kilikuwa pale. Kutu imeshika mbavu, majani yamepanda mpaka kwenye minyororo, pembe imeelekea Kilembwe. Mbuzi wa jirani alikuwa juu yake, anatafuna.

Lionel aliinua darubini, akaishusha. Hakuihitaji, kutoka pale tuliposimama hata mtoto angeona. Alitazama kushoto na kulia, akidhani labda mnyama yuko nyuma ya kile chuma. Kisha akanitazama mimi, na nikaona inavyomwingia polepole, neno moja baada ya jingine, kila kitu nilichomwambia. Akakaa chini kwenye majani, na kisanduku chake cha dawa.

Eddy alikuwa anapekua simu yake bila kutafuta kitu. "Waliandika kifaru," alikuwa akirudia. "Wenyewe walisema kifaru."

"Na hii ni nini?" mama akamuuliza. "Ni kuku?"

Lionel alisema jambo kwa sauti ndogo, na mama akanigusa. "Anasema nini?"

"Anasema alizani kumebakia moja."

Mama alimtazama yule mzee aliyekaa kwenye majani. Akachuchumaa karibu naye, kwa shida, maana magoti yake si mazuri.

"Pole, papa," alisema. Kisha akangoja kidogo, kwa adabu. "Na sasa, shamba yangu? Mulisema mutahamisha. Ihamisheni tu. Mi sitasema kwa muntu kama haikuwa munyama."

Nilitafsiri. Lionel alitikisa kichwa, na alipojibu hakumtazama usoni. Mradi wake una gari la kubebea wanyama, alisema, na vibali vya kubebea wanyama, na watu wa kulaza wanyama. Hiki si mnyama. Angetamani sana, lakini si kazi yao.

Nilimtafsiria mama sentensi hiyo ya mwisho kwa hasira niliyoshindwa kuificha, maana nilijua ameisikia katika kila biro. Yeye hakukasirika. Alisimama, akakung'uta kitenge, akawaambia wageni wangoje sombe iive, wale kabla ya kwenda. Walikula. Lionel alinishika mkono wakati wa kuaga, akasema, "Uliniambia," nikasema, "Ndiyo." Alikwenda, na sijamwona tena.

Eddy ndiye aliyebaki na ripoti ya kuandika, na katika ripoti mtu hawezi kusema kwamba amewaleta wakubwa kutoka Kinshasa kuangalia mzinga wenye kutu. Wala hawezi kusema hapakuwa na faru, kwa maana ameshawahesabu. Akatafuta njia. Tulikuja kuijua njia yake wiki ya mvua za kwanza, nilipokuwa nimepanda Lubondja kumsaidia mama kubembeleza chifu.

Chifu hakubembelezeka. Alisema kesho atakuja kupima shamba na mtu mwingine. Mama alilia, na mama yangu si mtu wa kulia. Tulikuwa tumekaa barazani, vijiti vya muhogo vya mbegu vimefungwa mafungu ukutani bila pa kupandwa, wakati pikipiki mbili ziliposimama uani. Wanaume wawili wakashuka, wamelowa mpaka mifupa, magwanda ya kijani, wameleta msumeno na mizani.

"Hapa ni kwa Mama Godelieve?" aliuliza mkubwa wao, aliyejitambulisha kwa jina la Vainqueur. "Tumekuya juu ya kifaru yenye ilikufa."

"Yenye ilifanya nini?" nikauliza.

Akatoa simu, akanisomea. Kiswahili kilikuwa sanifu kabisa, kila kiambishi mahali pake. *Kifaru pekee wa Lubondja amekufa kwa uzee katika shamba la Bi Godelieve.* Kwa hiyo, kwa masharti ya mradi, pembe yake ni mali ya serikali, na kama mwenye shamba ameificha, yeye aende nao Baraka akajieleze.

Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kitu kingine, ikabidi nishike nguzo. Mtu ameliweka *a-* mbele ya chuma, kikafa, na sasa mama yangu ni jangili.

Mama alifuta macho kwa kona ya kitenge. Alisimama, akawaambia wamfuate. Pale mpakani penye majani akasimama, akanyoosha mkono kama alivyonyoosha siku ile.

"Pembe iko pale," alisema. "Lakini musikaribie, baba. Basoda balikataza. Banasema mule ndani munaweza kuwa na bombe."

"Kweli," nami nikasema. "Msiende. Ni kifaru cha vita. Hakuna mnyama, hajawahi kuwepo."

Wale wawili walitazamana. Mvua ilikuwa inawanyeshea. Yule mdogo alitaka kurudi, ilionekana, lakini Vainqueur alipiga hesabu yake: ametumwa pembe, hawezi kurudi bila pembe wala bila kitu cha kusema.

"Mama, sisi tuko ba pembe," alisema. "Mambo ya bombe haiko kazi yetu."

Wakaingia. Nilipiga kelele, niliwaita kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kibembe. Mama alinivuta nyuma ya migomba, akanishika kwa nguvu. Waliikanyaga ardhi ile yote isiyokanyagwa, wakakizunguka kifaru, wakapanda juu. Vainqueur alikigonga kwa mpini. Akafungua mlango wa juu, akachungulia, akaingiza hata mkono, akatoa kiota cha panya. Kisha wakaanza kukata pembe. Msumeno ulilia kwa muda mrefu na kuacha mkwaruzo usiozidi upana wa ukucha, halafu ukakatika.

Walirudi wamechoka, wamejaa kutu, lakini wazima, hakuna kilicholipuka. Vainqueur alisema ataeleza kwamba pembe ni ngumu sana, waje wengine na mashine.

"Baje," mama akasema. "Kila siku baje."

Pikipiki zilipotoweka nikaanza kumlaumu, sijui hata kwa nini yeye. Nilisema wangekufa pale, wote wawili, vijana wa watu.

"Nilibaambia," alisema. "We pia ulibaambia. Banasikiaka?" Alikuwa anatazama njia waliyopita ndani ya majani, matope yaliyoachwa na buti zao mpaka kwenye chuma na kukizunguka pande zote. "Juu ya muhogo yangu hakuna muntu alikuya. Juu ya pembe bamekuya na mvua yote hii."

Kisha akanituma nilete jembe lake, na langu, na yale mafungu ya vijiti ukutani. Nilimuuliza kama ana hakika. Alikuwa ameshaweka mguu wake wa kwanza katika alama ya buti, akifuata ilipopita, nami nikaingia nyuma yake. Chifu alipofika kesho yake na mtu wake, tulikuwa tumepanda mpaka kwenye minyororo.